Kopo Zima

Mara ya tatu, Kijani ilichemsha kilimani, kwenye barabara ya Lagangabilili, saa nane mchana, huku nyuma wamekaa akina mama wanane wa kanisa waliokuwa wakitoka mazishini kijiji cha Zagayu. Heri ingechemsha porini, pasipo na mtu ila mbuzi. Wapi! Ilijikokota mpaka mbele ya kijiwe cha bodaboda, ikapiga chafya mbili, ikasimama, na mvuke ukafumuka kwenye boneti mpaka mbele hakuonekani.

Maduhu alizima swichi, akavua kofia, akateremka taratibu. Alikuwa na miaka sitini na sita, mwembamba, mzee wa kanisa kwa cheo na kwa umri, na Landrova ile ya kijani ya mwaka sabini na nne alikuwa nayo tangu watoto wake wakiwa wadogo. Alifungua boneti. Mfuniko wa rejeta hakuugusa, maana alijua maji yakichemka humrukia mtu usoni. Aliweka tu kiganja juu ya bati, kama mzazi anavyompima mtoto kwenye paji la uso.

"Ina homa," alisema.

"Mzee kachemsha!" kijana mmoja wa bodaboda alipaza sauti, na wenzake wakaangua kicheko. Siku hizi gari likichemsha limepata joto, na mtu akichemsha ameshindwa. Maduhu maana zote mbili alizijua. Hakugeuka kuwatazama.

Wilhelmina, katibu wa akina mama, ndiye aliyetangulia kushuka. Alikung'uta kitenge chake, akamsogelea mzee. "Pole sana, Baba Kija. Wewe usihangaike na sisi. Tutachukua bodaboda, kikao ni saa tisa." Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma kuliko kicheko cha vijana. Mara ya kwanza gari lilipochemsha, akina mama hao hao walikaa kwenye majani wakaimba mpaka likapatikana gari la kulivuta. Leo walipakiwa mshikaki, wawili wawili, wakaondoka na vumbi lao.

Akabaki Nyanjige, mkewe, kwenye kiti cha mbele, mkoba magotini. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wale, na kikao kile kilikuwa chake. Hakushuka kuwafuata, wala hakumwambia mumewe neno. Alikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu yenyewe tuiseme sasa hivi, maana si siri ya kumficha msomaji. Ilikuwa siri ya kumficha mume.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokolea, Maduhu alirudi nyumbani jioni kwa miguu, tope mpaka kiunoni, damu kwenye nyusi. Gari lilikuwa limeteleza kalavatini likalala upande. Yeye alicheka, akaomba maji ya kunawa, akala ugali wake wote. Nyanjige hakula. Tangu siku hiyo, kila Kijani ilipotoka uani, alikuwa akiacha kazi na kusimama getini mpaka aisikie inarudi. Aliomba. Alifunga. Akarudi kusimama getini.

Basi wifi yake, Ng'washi, akamjia na lake. "Wifi, ng'ombe zetu tunazikinga. Kaka yangu ana thamani ndogo kuliko ng'ombe?" Wakaenda Ipililo, kwa mganga mmoja mzee ambaye maisha yake yote alitibu mifugo. Gari hajapata kulikinga. Alikaa akifikiri kitambo, akauliza, "Hicho kitu kinakunywa maji?" Wakamwambia kinakunywa, tena sana. "Basi kipeni kwenye maji, kama mnavyompa ng'ombe." Akawapa unga wa mizizi wa kukandwa kwa samli, na akasema kipimo: kijiko kimoja, kama cha ng'ombe.

Hapo ndipo mapenzi yalipoharibu hesabu. Nyanjige aliitazama Kijani uani, akaipima kwa macho. Ng'ombe habebi magunia kumi na tano. Ng'ombe hafiki Maswa na kurudi. Kijiko kimoja kitaishia wapi kwenye dude kama lile? Akachukua samli yake mwenyewe, aliyoisukasuka kwa mikono yake, akakanda kopo zima la nusu kilo, na asubuhi moja Maduhu alipokuwa kwenye maombi, akafungua mfuniko wa rejeta akatumbukiza yote. "Uende, urudi," alinong'ona. Safari iliyofuata Kijani ikaanza kuchemsha.

Na kingine ni hiki. Mwaka uliotangulia, mwanamke wa kanisa lao, Esteria, alibainika kwenda kwa mganga kwa ajili ya mtoto wake anayeanguka kifafa. Alitengwa miezi mitatu, asiimbe, asishiriki meza ya Bwana. Barua ya kumtenga ilisomwa mbele ya akina mama wote. Aliyeisoma, kwa sauti isiyotetemeka, alikuwa Nyanjige.

*

Kijani ilivutwa kwa kamba mpaka kwa fundi Kristofa. Kristofa alikuwa kijana mzuri, gereji yake ina mashine ya kompyuta inayosoma magari mapya, na alimheshimu Maduhu kama baba. Lakini Kijani haikuwa na pa kuchomeka waya. Aliitazama kama daktari aliyeletewa mgonjwa asiyejua lugha yake. Ilipopoa, akafungua mfuniko wa rejeta, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mzee, njoo uone. Mama, na wewe njoo."

Juu ya maji palielea mafuta ya njano, mengine yameganda kwenye ukingo. "Mafuta kwenye maji," alisema Kristofa. "Hiyo ni gasketi imekufa, oili inapita upande wa maji. Na kwa jinsi ilivyochemsha, hedi, kile kichwa cha injini, nayo itakuwa imepasuka."

Nyanjige alichungulia. Aliyatambua mara moja. Mtu humsahau jirani, humsahau hata mkwe, lakini samli aliyoisukasuka mwenyewe ataisahau vipi? Ile punje punje, ile njano ya ng'ombe wao. Kumbe si Mungu aliyekasirika, wala si dawa iliyogombana na maombi. Ni samli tu, imekaa mahali pasipo pake. Alifungua mdomo. Pembeni walikuwa wateja watatu kwenye benchi, na mmoja alikuwa mume wa mwanakwaya. Akaufunga mdomo.

"Spea zake je?" Maduhu aliuliza.

"Mzee wangu, nisikudanganye. Hedi ya gari hili utaipata wapi? Labda Dar, labda Nairobi. Na bei yake, mh!" Kristofa alifuta mikono kwa tambara, akaona haya kwa atakalolisema, akalisema hivyo hivyo. "Ushauri wangu, mwite mtu wa vyuma chakavu. Watalinunua kwa kilo."

"Kwa kilo," Maduhu alirudia. "Kama nyanya."

Kijana mmoja kwenye benchi alikuwa ameshasimama mbele ya Kijani akijipiga picha kwa simu. "Mzee, hii ni ya Mjerumani?" aliuliza, na Maduhu akamjibu kwa adabu kwamba si ya Mjerumani, ya Mwingereza, akasogea kidogo ili picha itoke vizuri. Nyanjige aliona jambo hilo, jinsi mumewe alivyosogea kumpisha mtu anayemcheka, akatamani ardhi immeze yeye, si mwingine.

*

Mwandu wa vyuma chakavu alisema atakuja Jumamosi na mizani. Kijani ikavutwa mpaka uani, na siku nne zile Maduhu aliiosha kila asubuhi. Aliisugua matairi kwa brashi, akafuta vioo, akang'arisha taa moja inayowaka na ile isiyowaka. Gari la kuuzwa kwa kilo halihitaji kung'aa, na Nyanjige alijua anachokifanya mzee ni kile wafanyacho watu kwa maiti yao kabla ya kuizika.

Chakula akawa anakigusa tu.

"Kula basi, Baba Kija."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

Akamega tonge dogo, akalishika mkononi bila kulitia mdomoni. "Mama Kija, mimi sililii bati. Nalilia kuitwa. Mtu akiugua Zagayu, wanasema, mwiteni Baba Kija. Bibi harusi wa kupelekwa, mwiteni Baba Kija. Mimi ni mzee sasa, shamba wanalima vijana, ng'ombe wanachunga vijana. Likiondoka hili, nani ataniita? Ataniita kwa lipi?"

Alisema bila kulia, na ndiyo maana Nyanjige alishindwa kuvumilia. Aliweka bakuli la mlenda chini. Sasa, alijiambia. Sasa hivi, ndani ya nyumba, hakuna mtu mwingine. Lakini akamwona Esteria amesimama mbele ya akina mama na kitambaa usoni, na akajiona mwenyewe ameshika ile barua. Akamwona na Maduhu, ambaye siku ile ibada nzima alikuwa akiwasema watu wanaomwamini Mungu Jumapili na mizizi Jumatatu, sasa anajua kwamba mmoja wao analala naye kitanda kimoja.

"Mungu ataweka njia," alisema.

Maneno yale yalimchukiza yeye mwenyewe kabla hayajatoka vizuri. Mungu angeweka njia gani, wakati njia ilikuwa imekaa kwenye ulimi wake? Maduhu aliitikia amina, akarudisha tonge kwenye sahani.

*

Ijumaa alasiri Nyanjige alijifunga kitenge cha safari akaenda mjini dukani kwa Khatibu. Huyu Khatibu alikuwa fundi wa magari tangu enzi za malori ya pamba, mtu wa zaidi ya miaka sabini, sasa amestaafu na anauza spea pamoja na mkewe Asumini. Kijani aliifungua na kuifunga mara zisizo na idadi, mpaka macho yalipoanza kumsumbua na Maduhu akaona haya kuendelea kumwinamisha mzee mwenzake chini ya gari.

"Shikamoo, Mzee Khatibu."

"Marahaba, mama. Mwangaluka, karibu, kaa. Asumini, mletee mama maji."

Alikunywa maji yote kwanza. Kisha akaeleza: gari, mvuke, Kristofa, mafuta kwenye maji, Mwandu na mizani yake kesho asubuhi. Khatibu alisikiliza amefumba macho.

"Maduhu hajaniita," alisema.

"Anaona aibu, baba. Nimekuja mwenyewe, yeye hajui."

"Lilianza lini?"

"Kama mwezi."

"Na kabla ya hapo mliliwekea nini? Kwenye rejeta, nauliza. Watu wengine hutia manjano kuziba matundu. Wengine hupasua yai humo. Nimeona mengi."

Nyanjige alikizungusha kikombe mkononi. "Maji," alisema.

"Maji tu?"

"Maji tu."

Khatibu akafumbua macho, akamtazama kidogo, si kwa ukali. "Haya. Nitakuja kesho nikaliage. Lakini mama, wenye magari nawaambia kila siku, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawanisikii."

Asumini akamfungia kwenye karatasi kashata mbili za kumpelekea mzee. Nyanjige alitembea nazo mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa akijitukana kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili matusi yale yasingetosha.

*

Jumamosi asubuhi Mwandu alifika wa kwanza, na lori, vibarua wawili, na mizani ya kuning'iniza. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye habari za kila nyumba ya Bariadi. Ndiyo kwanza ameanza kugonga bodi ya Kijani kwa kifundo cha kidole, akisikiliza unene wa bati, bodaboda ikamshusha Khatibu getini na kimfuko cha spana.

"Fundi! Shikamoo. Nani kakuita?" Maduhu alishangaa.

"Marahaba. Nimejiita. Mgonjwa niliyemtibu miaka yote hii, mnataka kumzika bila mimi?"

"Mzee, mimi nina safari ya Maswa," alisema Mwandu.

"Maswa haihami. Kaa hapo kwenye tairi."

Nyanjige alisimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi, uji nyuma yake unafuka. Khatibu akaanza. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa karatasi nyeupe, akamwonyesha Maduhu. "Tazama. Nyeusi, safi. Hedi ingekuwa imepasuka, maji yangeingia huku, na hii ingekuwa rangi ya chai ya maziwa." Akafungua mfuniko wa rejeta kungali baridi. "Washa." Kijani ikanguruma. "Njoo uchungulie. Unaona mapovu?"

"Sioni."

"Basi gasketi ni nzima. Ingekufa, hapa pangechemka povu kama uji uliozidi moto."

Maduhu alipiga hatua nyuma, kisha mbele. Khatibu aliacha injini iendelee mpaka joto likapanda, akashika rejeta kwa juu, akauondoa mkono haraka. Akainama kwa taabu, akaishika chini, akauacha mkono hapo.

"Juu moto. Chini baridi. Maji hayapiti. Maduhu, gari lako halina ugonjwa wa moyo. Limekabwa koo."

"Na mafuta je? Kristofa aliyaona, na mimi niliyaona."

"Tuyaone na sisi." Akazima injini. Akachota kwa kidole kwenye ukingo wa mfuniko, akasugua kwa dole gumba, akasogeza puani. Akanusa tena. Kisha akanyoosha kidole mpaka puani kwa Maduhu. "Hii si oili. Oili ya injini hainukii jikoni. Nusa."

Maduhu alinusa.

Nyanjige alimwona akinusa. Miaka arobaini mtu huyu alikuwa amekula samli ya mkono wake, samli ya kibuyu anachokifukiza moshi kwa namna aliyofundishwa na mama yake. Ungemfunga kitambaa machoni angeitambua kati ya mia. Alikaa akinusa zaidi ya ilivyohitajika. Hakugeuza uso kuelekea jikoni.

"Samli," alisema Khatibu. "Samli ya ng'ombe, na ndani yake kuna unga wa mizizi. Imeganda imeziba mirija yote. Haya, nani katika nyumba hii amelikaanga gari?"

Mwandu alishuka kwenye tairi. "Loo! Leo nimeona! Dawa? Kwa mzee wa kanisa?"

"Ni mimi," alisema Maduhu.

"Wewe?" Khatibu alimkazia macho.

"Mimi. Pampu ya maji ilikuwa inapiga kelele. Nikasema niilainishe."

"Kwa samli?"

"Ndiyo niliyokuwa nayo."

"Na mizizi?"

Maduhu alizungusha kofia mikononi. "Itakuwa... iliangukia humo."

Dereva aliyeshika usukani miaka arobaini, mtu asiyetia maji rejeta bila kuyachuja kwa kitambaa! Hakuna aliyemwamini, hata vibarua, lakini Mwandu hakuhitaji kuamini. Alikwishatoa simu. "Hii lazima Mama Wilhelmina aisikie, yule ni jirani yangu. Mzee wa kanisa analipikia gari!" Na Maduhu akasimama pale, kofia mkononi, akichekwa, uso ameuelekeza kwenye rejeta ili asije akatazama jikoni kwa bahati mbaya.

Nyanjige aliyaona yote hayo kutoka mlangoni, na safari hii hakuhisi hofu. Alimpenda mtu yule mpaka akamkasirikia. Akatoka na mwiko wake.

"Mwongo," alisema.

"Mama Kija, rudi jikoni."

"Mwongo mkubwa. Mzee Khatibu, huyu hajui hata samli inakaa wapi ndani ya nyumba hii. Muulize. Baba Kija, samli inakaa wapi?"

Maduhu alikodoa macho. "Jikoni."

"Jikoni wapi?"

Khatibu akajishika ndevu kuficha mdomo.

"Inakaa chini ya kitanda, kwa sababu ya paka. Unalala juu yake kila siku. Ni mimi niliyeiweka kwenye gari."

"Nyamaza, mama. Kuna watu."

"Nimenyamaza mwezi mzima, na kwa kunyamaza kwangu umechekwa barabarani, umechekwa gereji, na sasa unachekwa uani kwako. Inatosha kweli, gete. Mwandu, simu unayo, piga, usije ukakosea jina. Nyanjige, mwenyekiti wa akina mama, alikwenda Ipililo kwa mganga kumkinga mumewe na barabara. Nikapewa dawa ya kijiko kimoja. Nikaweka kopo zima."

"Kopo zima!" Khatibu alisema. "Ya Rabi."

"Kijiko niliona ni kidogo," alisema Nyanjige, na hapo ndipo sauti ilipomkatika, "kwa mtu ninayetaka arudi."

Uji ulisikika ukimwagika kwenye moto. Maduhu alivaa kofia, akaivua tena.

"Huyo mganga," aliuliza, "alikuahidi nini hasa?"

"Kwamba hutalala njiani. Utarudi nyumbani."

Maduhu aliitazama Kijani, akamtazama mkewe, akajikuna kidevu. "Basi mzee wa watu si mwongo. Tangu uiweke nimetoka mara tatu tu, na mara zote tatu nimevutwa kwa kamba mpaka hapa uani."

Khatibu ndiye aliyeanza kucheka, kisha vibarua, kisha Mwandu mwenyewe mpaka mizani ikalia mkononi mwake. Nyanjige alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, amejifuta kwa mkono wenye mwiko, uji umempakaa shavuni. Maduhu akalifuta shavu lile kwa kofia yake. Kofia hiyo alikuwa anaivaa kanisani.

"Haya, tusilie, tufanye kazi," alisema Khatibu. "Mafuta huondolewa na magadi. Mama, magadi unayo? Au tumuulize mzee yanakaa wapi?"

*

Walichemsha maji kwenye sufuria ya msibani, wakayeyusha magadi, wakaimwagia Kijani kooni. Injini ikazungushwa, maji yakafunguliwa kwa chini. Mara ya kwanza yalitoka mazito, rangi ya kahawia, yenye povu, kuku wakayakimbia. Mara ya pili yalitoka kama maji ya kuoshea vyombo. Mara ya nne Khatibu aliyakinga kwenye glasi akayaelekeza juani, akasema sasa hata yeye angeyanywa, ila hana kiu. Injini ilinguruma saa nzima. Mshale wa joto ulipanda mpaka katikati, ukakaa hapo. Khatibu hakutaka malipo; aliomba samli kidogo ya kumpelekea Asumini, ile isiyo na mizizi. Mwandu aliondoka bila chuma, ila habari aliibeba.

Nyanjige hakuingoja habari imtangulie. Jumapili alisimama mbele ya akina mama akaisema mwenyewe, kopo na yote. Wilhelmina alisoma barua safari hii, na sauti yake ilitetemeka. Miezi mitatu, asiimbe, asikae meza kuu. Alipotafuta pa kukaa, aliona benchi la nyuma limejaa, na katikati yake Esteria ameinuka kidogo, anajisogeza, anampapasia nafasi kwa kiganja. Nyanjige alikaa. Alitaka kumwomba radhi tangu mwaka uliopita, na maneno yalikuwa mengi mno kwa ibada moja, akamshika mkono tu. "Wabeja," alimshukuru kwa Kisukuma. Esteria hakuutoa mkono wake.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kumaliza tanga Zagayu, na mtu akasema, mwiteni Baba Kija. Akina mama walipanda nyuma, wengine bado wanaangalia boneti kwa wasiwasi. Nyanjige alikaa mbele, na Esteria alikaa naye, mtoto wake amempakata. Injini ilipopata joto, masalia ya samli yaliyojificha kwenye mipira ya rejeta yakaanza kunukia, harufu ikajaa gari zima.

"Jamani," Wilhelmina alisema kutoka nyuma, "mbona inanukia chapati?"

Akacheka mmoja, wakacheka wote, na Nyanjige naye akacheka.

Jioni, wakirudi, Maduhu aliwashusha wote majumbani kwao. Kisha, amebaki na mkewe tu, akaegesha gari kilimani, mbele ya kijiwe cha bodaboda, bila kuombwa na mtu. Vijana walinyamaza kumtazama. Aliteremka, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango wa mkewe, akainua boneti.

"Mama Kija, hebu ipime."

Nyanjige aliweka kiganja kwenye bati, pale pale mzee alipokuwa ameweka chake. Palikuwa na joto la kawaida la kitu kilichotoka safari. Aliuacha mkono hapo, akalisikiliza joto lile, kama alivyowasikiliza wanawe wote walipokuwa wadogo.

"Haina homa," alisema.

"Basi panda," Maduhu alimwambia. "Nasikia njaa tangu Zagayu."